Kilio cha Mtu Mmoja

Ndugu msomaji, kisa chenyewe ni hichi. Msimu wa karafuu uliopita nilikuwa Kengeja kwa bibi yangu mzaa mama. Kwa wale wa mjini wanaoijua Pemba kwa jina tu: unashuka bandarini Mkoani, unapanda gari, na ukifika bado uko kusini ya kisiwa. Wengi wakisikia Kengeja hukumbuka mchezo wa ng'ombe. Mimi leo sina habari na ng'ombe.

Umeme ulikuwa umekatika. Bibi kakaa barazani, anachambua karafuu kwa mwangaza wa kandili, karafuu huku, makonyo kule. Simuni mwangu mlikuwa na wimbo niliotumiwa na rafiki yangu wa Dar es Salaam, kijana mmoja mwenye wazimu wa muziki wa kale wa Ulaya. Nikaufungulia, si kwa ajili ya bibi, kwa ajili ya kiza tu. Mwanamume mmoja anaimba peke yake. Hana ngoma, hana udi, hana hata mwenziwe wa kumwitikia. Lugha ni Kioksitani, ya kusini mwa Ufaransa, ambayo bibi haijui na mimi siijui. Bibi akasikiliza kama dakika mbili, mikono haikusita. Halafu akaniuliza:

"Kafa nani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ni wimbo wa msiba. Wala mwimbaji hakuwa analia: hakuna kwikwi humo, hakuna sauti iliyopasuka. Alikuwa anasema jambo, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Basi swali la bibi likaniganda. Amejuaje?

Aliyekufa ni Richard, mfalme wa Uingereza, yule waliyempa jina la Moyo wa Simba. Alipigwa mshale akiizingira ngome ya Châlus huko Ufaransa, jeraha likaoza, akafa tarehe 6 Aprili 1199. Aliyemlilia ni Gaucelm Faidit, mtu wa Uzerche, mmoja wa wale malenga wa kusini mwa Ufaransa waliokuwa wakitunga na kuimba katika majumba ya wakubwa. Walikuwa na bahari maalumu ya kulilia wafu, wakiiita planh. Planh zimebaki kadhaa kwa maneno, lakini hii ya Faidit ndiyo inayotajwa kila mara kuwa imebaki na sauti yake, yaani noti zake zimeandikwa.

Hapo kwenye noti panahitaji kusimamiwa kidogo. Maandishi yale ya kale yanakuonyesha sauti ipande wapi na ishuke wapi. Hayakwambii kila noti ikae muda gani. Urefu haukuandikwa. Kila mtu anayeuimba wimbo ule leo inambidi aamue mwenyewe wapi avute, wapi akate, wapi ameze mate. Ukisikiliza waimbaji watatu utasikia vilio vitatu. Sisi huku yametupata kinyume chake. Tenzi zetu zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, neno kwa neno, mizani zimetimia, lakini mahadhi hayakuandikwa kabisa, yamebaki vinywani mwa watu. Wao waliweka sauti wakapoteza muda. Sisi tuliweka maneno tukaiachia sauti ipite mdomo kwa mdomo. Na midomo inakufa, jamani.

Sasa turudi kwenye swali la bibi. Nilimwomba rafiki yangu anitumie maneno na maana yake, nikakaa nayo siku mbili chini ya mwembe. Siwezi kukutilia hapa, lakini nitakueleza ubeti wa kwanza unavyokwenda, maana ndani yake mna somo kubwa kuliko warsha zote za ushairi nilizokwenda mjini.

Ubeti una mistari tisa. Mistari mitatu ya mwanzo mshairi anazunguka. Anasema kuna jambo zito, hasara kubwa kupita zote, huzuni atakayoililia daima. Jambo gani? Hasemi. Mstari wa nne anaongeza kwamba imemlazimu alitamke hilo jambo kwa wimbo. Yaani analalamikia kazi yake mwenyewe. Wa tano anaanza kumsifu mtu fulani, baba wa ushujaa. Nani? Hasemi bado. Wa sita analitaja jina: Richard, mfalme wa Waingereza. Na hapo mstari unakwisha. Jina limekaa hewani, halina kitenzi. Mwimbaji inabidi avuke aingie mstari wa saba ndipo alitamke lile neno, kwamba amekufa, na akishalitamka tu anaguta kwa Mungu. Halafu anafanya jambo la ajabu: analitazama neno lenyewe alilolisema, anashangaa jinsi lilivyo geni na zito kusikia.

Mistari sita ya kukwepa, mmoja wa kusema. Na sauti inafuata. Mwimbaji niliyemsikia mimi, alipofika mwisho wa ule mstari wa sita, alinyamaza. Si sana, kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili. Hapo ndipo bibi aliponiuliza.

Nikamuuliza, "Bibi, umejuaje?" Akanambia, "Si kaja na habari huyo. Hujaona mtu akija na habari?"

Nimeona. Na wewe msomaji umeona, hata kama umekulia Kariakoo. Mtu anayeletewa nyumba habari ya msiba haingii na neno mdomoni. Anapiga hodi. Anaamkia. Anauliza wazima nyinyi. Anakaa. Pengine anaomba maji. Anauliza fulani yuko wapi, mwiteni na yeye. Hapo wenye nyumba wameshajua, lakini hawajui nani. Kisha ndipo anapotaja jina, na baada ya jina ananyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakosema. Faidit aliiga adabu ya mleta habari, akaifanya ubeti. Adabu hiyo sisi tunayo majumbani mwetu hadi leo, ila tukishika kalamu tunaisahau.

Niseme "tunaisahau" kwa sababu mimi wa kwanza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Pemba nzima iliguswa. Katika walioondoka alikuwemo mpwa wake bibi, aliyelelewa naye tangu mdogo. Maiti haikuonekana. Ilisaliwa sala ya ghaibu, basi. Mwaka uliofuata, siku ya hitima, baada ya chakula, vijana tulikaa uwanjani nikasoma shairi langu. Lilikuwa la kisasa, halina vina, na nilikuwa nalionea fahari sana. Mstari wa kwanza una jina la meli. Wa pili una tarehe. Wa tatu una idadi ya waliokufa, kama ilivyotangazwa siku zile. Baada ya hapo maji, giza, mikono, maji tena.

Watu wakasema ahsante. Bibi akasema, "Umetwambia tunayoyajua, mume wangu." (Kwetu bibi humtania mjukuu wake hivyo, wa bara msishtuke.) Nilikasirika, nikasema moyoni huyu hajui ushairi mpya. Nimekaa na hasira hiyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Leo naona kosa lilikuwa wapi. Wapo watakaosema kosa ni kuacha vina na mizani. Ugomvi huo tunao tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na sioni kama umetufikisha mahali. Ningeweza kuliandika shairi lile kwa vina safi kabisa na bado likafa vilevile. Kosa ni kwamba niliiga redio. Habari ya meli tuliisikia redioni, kwa idadi, kwa sauti ya mtu asiyetujua, na idadi ikipanda kila taarifa. Bibi hakuletewa habari na mtu. Hakuna aliyepiga hodi, akaamkia, akakaa, akalitaja jina la mpwa wake akanyamaza. Jina lile lilipita ndani ya idadi. Na mimi mshairi, badala ya kumpigia hodi, nikamsomea idadi mara ya pili.

Hapa msomaji makini atanikata kauli. Atasema, mbona Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina alimtaja jina na kifo chake mstari wa kwanza kabisa, na shairi lile watu wanalijua kwa moyo? Kweli. Nilihangaika na hilo. Jibu langu ni kwamba Shaaban hazungumzi na sisi, anazungumza na Amina, na Amina hana haja ya kupewa habari ya kifo chake. Sisi tunasikia kwa mbali, kama watu waliopita nje ya dirisha. Kwa hiyo hahitaji hodi. Mimi nilizungumza na waliofiwa. Faidit anazungumza na waliofiwa. Nani unayezungumza naye ndiye anayekupangia jina likae mstari wa ngapi. Ukikosea hapo hakuna tashbihi itakayokuokoa.

Twende kwenye mizani, maana kuna jambo nililigundua na nimelifurahia kama mtoto. Nilihesabu mistari ya Faidit. Kila mmoja una mizani 10 (mingine ina silabi moja ya ziada mwishoni, isiyohesabiwa). Pumzi inakatwa baada ya mizani ya nne, halafu zinakuja sita. Nne, sita. Nne, sita. Nikashtuka, kwa sababu naijua kumi nyingine inayolia: Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa huko Pate, aliyeishi karne ya 18 akaingia ya 19. Nayo ni kumi kwa mstari, tofauti na tenzi nyingi zenye nane. Lakini yeye anaanza na sita kisha nne.

Sisemi mmoja kamuiga mwenziwe, nisije nikaandikiwa barua na maprofesa. Mwendo wa lugha hizi mbili ni mbalimbali kabisa. Nasema tu sikilizeni inavyofanya kazi. Anayeanza na nne anaanza kama aliyekabwa koo. Anasema kidogo, anakata, kisha yanamwagika. Anayeanza na sita anamwagika kwanza, kisha anajikaba. Ndiyo tofauti ya vilio hivi viwili hata kwa maana. Faidit hataki kusema na analazimika. Sayyid Abdalla amekwisha kuona kila kitu, majumba ya Pate yaliyokuwa yakiwaka taa sasa yamo popo na ndege, vidaka vilivyowekwa sahani za kaure sasa mna makinda, na kila anapotaka kuendelea na fahari ile ya zamani mstari unamfupikia. Na yeye habari haipeleki kwa mtu. Anaupelekea moyo wake mwenyewe, anaugombeza, kwa nini hauzinduki.

Kuna sababu kwa nini washairi wetu waliingia mlango huo. Kulilia maiti kwa makelele kumekatazwa katika dini, na Pemba msiba ni mahali pa utulivu. Anayetaka kulia kwa ushairi imembidi atafute njia: alilie majumba, alilie dunia inavyohadaa watu, auonye moyo. Kilio kikavaa joho la waadhi. Kuna wanaoliona joho hilo ni pungufu, kwamba mshairi anahubiri badala ya kuhisi. Mimi zamani nilikuwa mmoja wao. Lakini msikilizeni mtu mzima akiusoma utenzi ule kwa mahadhi, usiku, peke yake, halafu mje mniambie kama yale ni mahubiri.

Sasa lawama, maana hii ni tahakiki si barua ya mapenzi. Planh ya Faidit ukishautoka ubeti wa kwanza inapungua. Anaanza kumlinganisha mfalme na Iskandar, na Charlemagne, na Arthur, kwamba hakuna aliyekuwa karimu kama yeye. Tunazijua kasida za namna hii hata huku kwetu, zinazosomewa wakubwa, na kila siku zinanuka njaa ya msomaji. Faidit alikula kwa mikono ya wakubwa. Mfadhili akifa, mkate nao unakufa. Siwezi kumlaumu kwa hilo, ila masikio yangu hapo yanachoka, na nadhani hata mwimbaji wangu alichoka, aliharakisha.

Na yapo mabaya zaidi. Bibi aliponiuliza kafa nani, nilimjibu. Akauliza, "Mtu mwema?" Nikakwama. Richard ndiye aliyepigana na Salahuddin. Baada ya kuuteka mji wa Akka, mwezi wa Agosti 1191, aliamuru mateka Waislamu wauawe, na hesabu inayotajwa sana ni kama 2,700, wamefungwa, nje ya mji. Planh yenyewe inajisifu kwamba Waturuki na Waajemi walimwogopa kuliko mtu yeyote. Nikamwambia bibi yote. Akaacha karafuu. Akasema, "Aa. Basi nizimie."

Nikazima.

Nimelifikiri jambo hili sana, kuliko hata mizani. Marafiki zangu wa mjini wana majibu mepesi. Mmoja ananiambia sanaa haina dini, mwengine ananiambia nitupe wimbo ule baharini. Sote hatukufiwa Akka, ni rahisi kwetu kusema. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikitika kabla sijaambiwa nani. Bibi naye, nusura. Ule ubeti wa kwanza ulikwisha kutushika kwa sababu katika mistari sita haukutupa mtu, ulitupa nafasi tupu ya mtu, na kila mmoja wetu akaweka wake. Mimi namjua bibi aliweka nani. Kisha mstari wa sita ukaja ukamweka mfalme pahali pale. Hapo mwenye lugha yake alisikia Richard. Sisi tusio na lugha hatukusikia kitu, nafasi ikabaki kama tulivyoijaza. Kwa hiyo pengine sisi tulisikia wimbo bora kuliko uliotungwa. Sijui kama hilo ni sifa kwa Faidit au ni lawama. Naona ni vyote viwili, na naona pia linanitisha: ufundi uleule unaweza kumliza mtu kwa ajili ya yeyote, hata muuaji. Anayejifunza kukawiza jina ajue anajifunza silaha.

Jambo dogo kwa watakaoutafuta wimbo. Utakutana na waimbaji waliotia kinubi na fidla, wengine wametia hadi ngoma. Wana haki yao, na wataalamu wanabishana mpaka leo kama malenga wale waliimba na ala au bila ala. Mimi naziruka. Ala inaujaza ule ukimya wa mwisho wa mstari wa sita. Kinubi kinaendelea kulia pale ambapo mwanadamu amenyamaza, na mtu akishajaziwa ukimya hatokuuliza kafa nani. Ndivyo tunavyofanya na sisi siku hizi tukisoma mashairi kwenye majukwaa ya mjini, lazima nyuma pawe na gitaa linalobembeleza, kama kwamba tunaogopa watu watatusikia.

Usiku ule baada ya sala ya Isha bibi alirudi barazani. Umeme bado. Akachambua kidogo, akanyamaza, kisha: "Yule kafiri wako, hebu mrejeze."

Nikamrejeza. Nikaona hasikilizi wimbo wote. Ulipofika ubeti wa pili, kwenye sifa, akaniashiria nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Mara nne au tano. Kila mara mikono yake ilisimama pahali pamoja, pale mwimbaji anapolimaliza jina na kuvuta pumzi. Hakulia. Mara ya mwisho akalitaja jina la mpwa wake, taratibu, kama anayejaribu kulipima, kisha akaniambia betri itakwisha, nizime.

Shairi langu nimelitoa kabatini. Jina la meli nimeliondoa mstari wa kwanza, idadi nimeifuta kabisa. Mistari mitano sasa ni hodi tu na maamkizi. Wa sita una jina lake. Wa saba bado sijaupata.